Daftari la Katibu

Walipotufungia chuo
nilirudi Tanga na sanduku la bati, nusu ya godoro,
na daftari la vikao nimelifunga tumboni kwa kanga,
maana ndimi niliyekuwa Katibu
na Katibu haachi kumbukumbu nyuma.

Tulikuwa serikali, msicheke.
Tulikuwa na Waziri wa Chakula asiye na jiko,
Waziri wa Fedha mwenye kopo la biskuti,
na Spika, Semkiwa Mbelwa, kijana wa Mabawa,
aliyegonga meza kwa kisigino cha kiatu
hadi kisigino kikang'oka, saa nane za usiku,
tukijadili kama mkato ukae kabla ya "lakini"
katika barua ya kumweleza Mkuu wa Chuo
kwamba tuna njaa.
Mtu alikuwa amebandika ubaoni:

Sahani zetu ni tupu, foleni yaendelea,
maharage yawa supu, wadudu waogelea.

Jibu la barua lilikuja kwa magurudumu,
na waliolileta walivaa kofia za chuma.

Nyumbani, Barabara ya Kumi na Mbili,
hakuna aliyeniita Mheshimiwa.
Kila Jumatatu nilikwenda ofisi ya mkoa kusaini
kwamba bado nipo, bado nimetulia.
Siku zilizobaki mama alinipa ndoo.

Bomba la mtaa lilitoa maji saa tisa usiku.
Foleni ilikuwa ya mawe, makopo, sufuria iliyotoboka,
kila kimoja na mwenyewe aliyelala kwake.
Mimi nikaona vurugu.
Nikafungua daftari, ukurasa safi,
nikapiga mistari: Namba. Jina. Ndoo ngapi.
Bi Mwanakombo Singano alicheka mpaka akakaa chini.
Siku ya tatu wakanichagua, kwa kunyoosha mikono,
Katibu wa Bomba.
Siku ya tisa wakaniondoa, kwa mikono ileile:
nilikuwa nimeandika jina la mama
juu ya jina la mjamzito wa nyumba ya pili.
"Mawe yetu," alisema Bi Mwanakombo,
"hayamjui mama wa mtu."

Nilihudhuria vikao arobaini na kimoja chuoni.
Sikuona waziri aliyeondoka upesi namna ile,
wala kwa haki namna ile.

Fomu za kuomba radhi zikaja, nakala tatu.
Baba alikuwa mpima marobota ya katani kule Pongwe,
mtu wa mizani. Alizisoma mara mbili.
"Hapa pameandikwa 'makosa yangu'," akasema,
"hayakutajwa ni yapi."
Akaivua miwani, akaifuta kwa shati.
"Saini. Mimi kila siku nasaini kilo nisizoziona."
Nikasaini. Mwandiko mzuri, wa katibu.

Semkiwa hakusaini.

Nimefundisha miaka thelathini na minne, nimestaafu.
Yeye anaziba pancha, Barabara ya Nne,
chini ya turubai lililokuwa bluu.
Baiskeli yangu anaijua kuliko mwendo wangu.
Miaka yote hiyo tulizungumza spoku, mnyororo, bei ya tyubu.
Fomu hatukuigusa.

Jumanne iliyopita nikampelekea daftari.
Mchwa walikuwa wamekula Wizara ya Michezo yote
na nusu ya Fedha.
Akalifungua kwa vidole vya grisi, nami sikumzuia,
akaruka orodha ya bomba, akarudi kurasa mbili,
akasoma kwa sauti, kama zamani, akivuta mwisho wa maneno:
"Kikao kiliahirishwa saa nane na dakika ishirini."

Kimya.

"Na kumi na tano," akasema.
"Ishirini. Nilikuwa na saa ya mkononi."
"Saa yako ilikuwa mbele. Hoja ya utaratibu, Katibu."
Akagonga sanduku la vifaa kwa spana, mara tatu.

Kijana mwenye tairi alitutazama,
akaitazama gundi ikikauka juu ya kiraka,
akauliza kwa adabu kama kuna fundi mwingine karibu.
Hatukumjibu. Mjumbe hakuwa ameomba nafasi ya kusema.